Maji ya kiwanda yasafishwe kabla hayajafika kwenye mchicha

FUNGU la mchicha linalouzwa asubuhi Tandale, Tandika au Kariakoo mara nyingi halikutoka mbali. Limekatwa alfajiri ndani ya jiji lilelile, kwenye matuta yaliyo kandokando ya Mto Msimbazi, Mto Sinza au Mto Kizinga, likafungwa, likapakiwa kwenye baiskeli au bodaboda na kufika sokoni kabla jua halijapanda. Ni zao la wiki tatu hadi nne tu. Halihitaji shamba kubwa wala mtaji mkubwa, na kwa miaka mingi limelipa ada za shule na kodi za vyumba kwa kaya nyingi za Kinondoni, Ilala na Temeke.

Hata hivyo, mito inayomwagilia mchicha huo ndiyo pia mitaro ya viwanda. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unalikata jiji katikati na kuingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Salender. Njiani unapokea vijito vinavyopita maeneo ya viwanda, likiwamo la Ubungo, ambako kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968, na ambalo lilikuwa sehemu ya Kinondoni kabla Manispaa ya Ubungo haijamegwa. Upande wa Temeke kuna viwanda vya Chang'ombe, Keko, Kurasini na Mbagala. Huko kuna pia Mto Kizinga, ambao licha ya kumwagilia bustani ndio chanzo cha mtambo wa maji ya kunywa wa Mtoni.

Onyo lilishatolewa zamani. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Ndani ya mchicha, chainizi, majani ya kunde na majani ya maboga walikuta madini mazito kama risasi, kadimiamu, shaba na zinki. Mboga haitengenezi risasi. Inanyonya kile kilichomo kwenye udongo na maji.

Jibu ambalo limekuwa likisikika kila taarifa za namna hiyo zinapotoka ni kumtaka mkulima wa bondeni aondoke, au mboga zake zisinunuliwe. Jibu hilo linaanzia mwisho wa mto. Mkulima hachagui maji, anachota yaliyopo. Akiondoka yeye, maji machafu yanabaki, na yataingia visimani, baharini na kwenye samaki wa kesho. Jibu sahihi linaanzia getini mwa kiwanda, pale bomba la maji machafu linapotoka ukutani.

Teknolojia ya kuchuja maji kwa utando inaondoa kisingizio kikubwa kilichobaki. Si dawa ya kila kitu, wala si rahisi. Lakini imefikia mahali ambapo hakuna kiwanda kikubwa cha nguo, ngozi, mafuta au vinywaji kinachoweza kusimama na kusema maji yake hayasafishiki.

Uchafu unaokula hewa ya mto

Mjadala wa Msimbazi umezoea kuzungumzia madini mazito. Upo uchafu mwingine ambao kwa wingi unayashinda madini, nao ni ule unaoitwa na wataalamu uchafu wa kikaboni. Humo mna damu na mafuta ya machinjio, sukari na hamira za viwanda vya vinywaji, wanga unaopakwa kwenye nyuzi kabla ya kufuma, sabuni, rangi za nguo, viyeyushi vya rangi za kuta na mabaki ya ngozi.

Baadhi ya vitu hivyo si sumu vyenyewe. Ubaya wake ni kwamba bakteria wa mtoni huvila, na wakila hutumia oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Oksijeni ikiisha samaki wanakufa, maji yanakuwa meusi na harufu ya mayai viza inatanda. Wapimaji hukadiria mzigo huo kwa vipimo viwili. BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watahitaji ili kumaliza uchafu uliomo, na COD ni oksijeni inayohitajika kuuunguza uchafu wote kwa kemikali, pamoja na ule usioliwa na bakteria.

Uzito wa mzigo huo hutofautiana sana. Lita moja ya damu ya machinjio hudai oksijeni sawa na lita mia kadhaa za majitaka ya nyumbani. Maji yanayotoka kwenye mitambo ya kutia rangi nguo mara nyingi hupima COD ya miligramu mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja kwa lita. Kanuni za viwango vya ubora wa maji zilizotolewa nchini mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ziliweka kikomo cha BOD kuwa miligramu 30 kwa lita na COD miligramu 60 kwa lita kwa maji machafu yanayoruhusiwa kumwagwa. Pengo kati ya namba hizo ndilo linalotiririka kuelekea kwenye matuta.

Rangi za nguo zina tatizo la ziada. Zimetengenezwa makusudi zisichujuke kwa jua wala sabuni, kwa hiyo hata bakteria huzishindwa kwa kiasi kikubwa. Baadhi ya rangi za kundi linaloitwa azo, zikivunjika, hutoa kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na ndiyo maana mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku baadhi yake kwenye nguo zinazogusa ngozi. Kwa miongo kadhaa Dar es Salaam imetegemea mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti na Kurasini, ambako jua na bakteria hufanya kazi bila umeme. Mabwawa hayo yanamudu kinyesi na mabaki ya chakula. Rangi ya kitenge hupita humo ikiwa bado ni rangi.

Kifumbu cha kisasa

Kuelewa kazi ya utando hakuhitaji shahada. Kila nyumba ya Pwani inayopikia nazi inajua kifumbu. Nazi iliyokunwa hutiwa maji na kukamuliwa ndani ya kifumbu, tui likapita na machicha yakabaki. Utando ni kifumbu chenye matundu madogo mno, kilichotengenezwa kwa plastiki maalumu au kauri, na badala ya mkono unaokamua ipo pampu inayosukuma maji.

Tando hutofautiana kwa ukubwa wa matundu. Zipo zenye matundu ya takriban sehemu moja ya elfu ya upana wa unywele au chini ya hapo. Hizi huzuia mafuta, protini, bakteria na chembe zote zinazofanya maji yawe na ukungu, na presha inayotakiwa mara nyingi haipiti sana ile ya tairi la gari dogo. Kundi la pili lina matundu madogo zaidi ya hayo kwa mara kumi au zaidi, nalo hukamata sehemu kubwa ya rangi za nguo zilizoyeyuka. Kundi la tatu ni la utando uliobana kiasi kwamba maji hujipenyeza kwenye nyama ya utando wenyewe, huku hata chumvi ikibaki nyuma. Hilo hudai presha ya mara kumi ya tairi au zaidi, na kwa sababu hiyo hula umeme mwingi kuliko mengine.

Teknolojia hii si ya majaribio tena. Karibu na mwaka 1960 watafiti Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando wa kwanza uliotoa maji ya kutosha kuondoa chumvi kibiashara, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga ulianza kunywa maji yaliyochujwa hivyo. Mwaka 1989 Kazuo Yamamoto wa Japani alionyesha kwamba tando zinaweza kuzamishwa ndani ya tangi lenye bakteria wanaokula uchafu. Bakteria hula, utando huwazuia wasitoke na maji, na mtambo hutosha kwenye eneo dogo sana likilinganishwa na bwawa. Kwa viwanda vya Keko au Mikocheni, ambako kiwanja ni ghali na majirani wamebanana, hilo la eneo si jambo dogo.

Dar es Salaam yenyewe si mgeni wa utando. Maji mengi ya chupa yanayouzwa barabarani yamepita humo. Mashine zinazoondoa chumvi kwenye maji ya visima hutumia utando. Hata mgonjwa wa figo anayesafishwa damu hospitalini anaishi kwa sababu ya utando. Nyenzo inayotumika kusafishia maji ya kuuza haiwezi kuitwa ngeni pale inapotakiwa kusafishia maji ya kumwaga.

Zaidi ya hapo, kinachobaki kwenye kifumbu wakati mwingine ni mali. Viwanda vya jinzi duniani huchuja maji yao ili kuirudisha rangi ya indigo pipani. Viwanda vya jibini huchuja maji ya maziwa na kupata protini ya kuuza. Mwenye kiwanda anayemwaga vitu hivyo mtoni anamwaga fedha aliyokwisha kuilipa bandarini.

Mahali utando unaposhindwa

Pamoja na sifa hizo, mnunuzi asidanganywe na muuza mitambo. Kila mpishi anajua kwamba kifumbu kisipooshwa huziba. Utando nao huziba, tena kwa haraka, ukiletewa maji yenye mafuta, nyuzi na tope moja kwa moja kutoka kiwandani. Lazima kwanza maji yapite kwenye wavu, yatulie, yatenganishwe na mafuta, na pengine yatiwe shabu ili uchafu ushikane na kuzama. Kisha waje bakteria. Utando uje mwisho, kumalizia kazi. Kiwanda kinachonunua utando bila hatua hizo kitakuwa na mtambo wa kuonyesha wageni kwa miezi michache, kisha bomba la pembeni litafunguliwa usiku.

Tatizo la pili ni machicha. Uchafu haupotei kwa kuchujwa, hukusanywa tu. Katika kila lita 100 zinazoingia kwenye utando mkali, huenda lita 10 hadi 30 zikabaki zikiwa zimebeba karibu uchafu wote na chumvi yote. Lita hizo zikimwagwa mtoni, kazi yote imekuwa bure. Zinatakiwa kukaushwa au kusafishwa kwa njia nyingine, na tope lake kuzikwa mahali palipotayarishwa. Mpango wowote usioeleza machicha yatakwenda wapi haustahili kupewa kibali.

Tatizo la tatu ni umeme na mafundi. Pampu zikisimama, maji machafu hayasubiri. Kukatika umeme kulikuwa kisingizio cha kweli kwa miaka mingi. Tangu Februari 2024, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi, kisingizio hicho kimepungua nguvu. Mafundi ni suala la kufundisha, na vyuo vya ufundi vipo.

Mwisho, zipo molekuli ndogo za kikaboni, kama pombe na baadhi ya viyeyushi, ambazo hupenya hata kwenye utando mkali. Hizo dawa yake ni kutoziacha ziingie kwenye maji tangu mwanzo.

Walioanza kabla

Mfano unaomfaa mkulima wa Msimbazi unatoka Tirupur, mji wa kusini mwa India unaoshona fulana za kuuzwa dunia nzima. Viwanda vyake vya kutia rangi vilimwaga maji kwenye Mto Noyyal. Chini ya mto, bwawa la Orathupalayam lililojengwa ili kumwagilia mashamba likajaa maji ya chumvi na rangi, na wakulima hawakuyataka tena kwa sababu yaliharibu udongo na kukausha minazi. Walijiunga wakaenda Mahakama Kuu ya Madras. Mwaka 2006 mahakama iliamuru viwanda visimwage hata tone. Amri ilipopuuzwa, Januari 2011 ilifunga viwanda vya kutia rangi zaidi ya 700 kwa mpigo.

Ulikuwa msiba kwa wafanyakazi na wafanyabiashara wa mji ule. Lakini viwanda havikufa. Vilifunguliwa kidogo kidogo, vingi vikiwa vimeungana katika mitambo ya pamoja inayotumia bakteria, utando na majiko ya kukaushia. Serikali ya jimbo ilisaidia kwa mikopo isiyo na riba. Sehemu kubwa ya maji sasa hurudi kiwandani, na hata maji ya chumvi yaliyobaki hutumika tena katika kutia rangi. Haikuwa rahisi. Gharama ya nishati ni kubwa, na tope la chumvi lililochanganyika na uchafu limebaki kuwa mzigo. Somo la Tirupur ni kwamba kusafisha kunawezekana, ila kuchelewa hadi mahakama ifunge milango ndiyo njia ghali kuliko zote.

Mfano wa pili uko hapa Afrika Mashariki. Ethiopia ilipojenga eneo la viwanda vya nguo la Hawassa, lililofunguliwa mwaka 2016, iliweka mtambo wa pamoja wa kusafisha maji tangu siku ya kwanza, wenye uwezo wa takriban lita milioni 11 kwa siku, ukitumia utando ili maji yarudi viwandani badala ya kumwagwa. Sababu yake ilieleweka kwa kila mtu. Ziwa Hawassa halina mto wa kulitoa maji, na kinachoingia humo hubaki humo. Wenye viwanda walipanga mabanda wakikuta mtambo upo, na bei yake ikiwa ndani ya gharama ya kufanya biashara.

Tofauti ya miji hiyo miwili ndiyo inayoikabili Dar es Salaam. Ubungo, Chang'ombe na Keko ziko katika hali ya Tirupur, viwanda vilijengwa kwanza na mawazo ya maji yakaja baadaye. Maeneo mapya yanayochipuka Kibaha, Kisarawe na Mkuranga bado yana nafasi ya kuwa Hawassa. Ikumbukwe kwamba Kisarawe ni juu ya Temeke. Kitakachomwagwa kule leo kitashuka kwa Kizinga na Msimbazi kesho. Hakuna sababu ya kiwanja chochote kipya cha viwanda kugawiwa kabla ya mtambo wake wa pamoja wa majitaka kuwekewa msingi.

Nani alipe

Sheria imekwisha kujibu swali hilo. Sheria ya mwaka 2004 inaweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayemwaga maji machafu awe na kibali chenye masharti. Leo anayelipa ni mwingine. Mkulima analipa kwa soko linaloogopa mboga zake. Mama muuza mboga analipa kwa fungu linalorudi nyumbani. Mlaji analipa kwa afya yake bila kujua. Mamlaka ya maji inalipa kwa dawa nyingi zaidi za kusafishia. Gharama ya kusafisha haijawahi kukwepwa na mtu, imehamishiwa tu kwa wasio na sauti.

Hii haina maana kwamba viwanda vifungwe. Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi, huoshwa. Viwanda hivyo vinaajiri watoto wa wakulima haohao na kununua pamba, ngozi, alizeti na matunda ya wakulima wa mikoani. Vinachotakiwa ni kupewa ratiba iliyoandikwa, yenye tarehe, na njia ya kuifuata.

Kwanza, viwanda vilivyo jirani vishirikiane. Mtambo mmoja wa pamoja ni nafuu kuliko mitambo kumi midogo isiyo na fundi. Kila kiwanda kingefanya usafi wa awali ndani ya uzio wake, kisha kulipia kwa lita na kwa ukali wa uchafu wake. Ushirikiano si ndoto. Katika miaka ya 2010, Manispaa ya Kinondoni, ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, kampuni binafsi na wakazi walikaa meza moja kwa ajili ya kuufufua Mto Mlalakua.

Pili, mjasiriamali mdogo asitupwe kwenye kapu moja na kiwanda kikubwa. Mama anayetia rangi batiki uani, fundi wa ngozi, muosha magari na mchinja kuku hawawezi kununua utando, na wakitozwa faini tu watajificha. Hao wanahitaji karakana za pamoja zenye mfereji mmoja na tangi moja, mfano wa yale maeneo ambayo SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, limekuwa likiwatengea wenye viwanda vidogo. Kwa uchafu usio na rangi wala kemikali kali, zipo pia njia nafuu zilizofanyiwa kazi kwa miaka mingi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama vile vitalu vya kokoto vilivyopandwa matete ambavyo husafisha maji bila umeme.

Tatu, benki za maendeleo zilione jambo hili kuwa uwekezaji. Kutia rangi na kusafisha kilo moja ya kitambaa huweza kutumia lita 100 za maji. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA kutangaza mgawo, kila mwenye kiwanda alijua thamani ya lita hizo. Kiwanda kinachorudisha maji yake kupitia utando kina Ruvu yake mwenyewe ndani ya uzio. Mkopo wa muda mrefu na wa riba nafuu kwa ajili hiyo unalipika.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, vipimo viwekwe hadharani. Sheria ya 2004 inampa kila mtu aliyepo nchini haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inatambua haki ya kupata taarifa za mazingira. Matokeo ya kupima bomba la kila kiwanda kikubwa yabandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ulio chini ya bomba hilo, kwa Kiswahili, yakionyesha BOD, COD na rangi mbele ya kiwango kinachoruhusiwa. Ukaguzi ufanyike pia usiku na siku ya mvua kubwa, maana ndizo saa ambazo mabomba ya pembeni hufunguliwa. Mtambo usiopimwa haufanyi kazi, hata kama umegharimu mabilioni.

Wakati maji yanasubiriwa

Mkulima naye ana la kufanya wakati huu. Siku maji yanapokuja na rangi au povu, keni iwekwe chini. Penye kisima kilichopimwa, kisima kitumike, hasa siku za mwisho kabla ya kuvuna. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inasisitiza vizuizi vingi vinavyofuatana, kuanzia kusimamisha umwagiliaji kabla ya mavuno hadi kuosha na kupika. Vizuizi hivyo vinapunguza vijidudu vya magonjwa. Risasi na kadimiamu zilizokwisha ingia ndani ya jani haziondoki kwa kuosha, na hapo hakuna ujanja wa mkulima unaoweza kuziba nafasi ya kiwanda kilichokataa kusafisha.

Jambo la pili ni kujiunga. Mkulima mmoja akilalamika ni mgomvi, wakulima mia moja wenye kumbukumbu za tarehe, saa na rangi ya maji ni ushahidi. Jiji hili linalo historia hiyo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliipeleka mahakamani Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililowatesa kwa moshi na harufu. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, Kinondoni, wakafanya vivyo hivyo. Kote kuwili Mahakama Kuu iliwasikiliza, na dhidi ya Jiji lenyewe. Wakulima wa Noyyal walifuata njia hiyohiyo bila kuwajua wenzao wa Tabata.

Ni vema wenye viwanda wa Dar es Salaam wasisubiri kufikishwa huko. Utando upo, bei yake inajulikana, kasoro zake zinajulikana na dawa za kasoro hizo zinajulikana. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa kuanza, kiwanda kikubwa kwanza, kwa tarehe iliyotangazwa. Siku maji yatakapotoka getini yakiwa masafi, hakutakuwa na haja ya kumfukuza mtu bondeni kwa sababu ya maji. Mchicha utauzwa kwa bei yake, na mnunuzi hatauliza tena umetoka mto gani.